Goti la Afen

Siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, ingawa nimezisahau nyingi zilizokuwa njema kuliko hiyo. Ilikuwa majira ya unyevu mjini Guangzhou, miaka ile ya mwisho ya karne iliyopita. Kuta zilitoka jasho, na sakafu ya ukumbi wa mpira wa kikapu ililowa bila mtu kumwaga maji. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya msichana mmoja, namfunga bendeji kwenye goti la kulia, nikahisi chini ya kidole gumba changu kitu kinateleza mahali ambapo hapatakiwi kuteleza kitu. Nikamtazama. Yeye akatazama ubao wa pointi, akasema maneno ambayo wasichana wote wa timu ile waliyatumia kama salamu: mei shi. Hakuna neno.

Nakuandikia haya kwa sababu unaanza kazi ya ukocha msaidizi kwenye timu ya wasichana ya chuo, na umeniambia kwa furaha kwamba utakuwa mkweli daima. Furaha yako nimeipenda. Hiyo "daima" ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu.

Mimi nilifika kule kwa ufadhili wa masomo, kusomea elimu ya viungo. Nilikuwa mrefu, nilikuwa nimecheza klabu nyumbani, na Kichina changu baada ya mwaka wa lugha kilitosha kugombana. Chuo kikaniweka kwenye timu ya wasichana kama kocha msaidizi, sehemu ya mafunzo yangu. Kocha mkuu alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Liang, mwenye sauti ya chini na mwendo wa mtu anayeshuka ngazi hata akiwa uwanjani. Hakuwahi kunisifu. Niliposema jambo jema alitikisa kichwa kidogo, niliposema la kipuuzi alikitikisa vilevile, nami nikabaki kuchagua mwenyewe.

Na nilisema mengi. Baba yangu, mchungaji wa usharika mdogo kule Dodoma, alizoea kusema kwamba mimi nilimuuliza mkunga kabla sijalia. Methali niliziona kuwa ni majibu ya watu waliochoka kufikiri. Ukiniambia haraka haraka haina baraka, nilikujibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, kisha nikakuuliza mababu wetu walikubaliana lini. Moja tu ndiyo niliyoiamini bila kuihoji, ile isemayo msema kweli mpenzi wa Mungu. Hata sikuamini sana habari za Mungu wakati ule, lakini kupendwa naye kwa sababu ya mdomo wangu nilikuona kuwa ni haki yangu.

Sasa, ndani ya timu ile kulikuwa na desturi ambayo lazima uielewe, maana kila kitu kilitokana nayo. Msichana aliyeumia hakumwambia kocha mkuu. Hakuna aliyekatazwa, haikufanyika tu. Maumivu yalipita kwa msaidizi, kwa kuwa msaidizi ndiye aliyefunga vifundo vya miguu na magoti kabla ya mazoezi, na mikono haidanganyiki kirahisi kama masikio. Msaidizi aliyenitangulia, mama mmoja aliyekwisha kustaafu, alisifiwa na wasichana kwa jambo lililonichekesha: kila wakati alikuwa na mtu anayeshika saa, mtu anayehesabu mitupo, mtu aliyetumwa bohari kujaza mipira upepo. Nilidhani alikuwa mama mvivu anayetuma watu. Sikuuliza kwa nini aliowatuma walikuwa daima wale wanaochechemea. Mimi niliyeuliza kila kitu, hilo nililiona dogo mno.

Msichana mwenye goti lile aliitwa Afen. Alitoka wilaya ya milimani kaskazini mwa mkoa, ambako wazazi wake walilima machungwa kwenye miteremko. Hakuingia chuoni kwa alama za mtihani. Aliingia kwa nafasi ya wanamichezo, kwa sababu aliruka juu kuliko msichana yeyote wa wilaya yao. Kitanda chake bwenini, chakula chake, jina lake kwenye daftari la wakazi wa mji, vyote vilining'inia kwenye nafasi ile. Akimaliza angekuwa mwalimu wa michezo katika mji wowote ule, na mama yake angeacha kupanda miteremko. Ulibaki mwaka mmoja na ushei.

Nilimwambia goti lake limeharibika. Akasema analijua, ni lake. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nilijitahidi kulitafsiri lile neno kwa Kichina, na kwa Kichina lilitoka kali kuliko kwa Kiswahili, kwa sababu aliinama akaanza kuvuta uzi wa soksi yake. Kisha akaniomba. Alisema nimwache afike mwisho wa masomo tu. Ataruka kidogo, atakimbia pembeni, hakuna atakayejua. Aliyasema haya bila machozi. Wasichana wale hawakulia mbele ya mtu aliyeshika bendeji.

Nikamaliza kufunga bendeji. Nilikwenda zangu nikalifikiria jambo lile kwa siku kadhaa, kwa makini sana, kama mtu anayejibu swali la mtihani. Niliona kuna uongo, na kuna mtu anayeumia kwa ajili ya uongo huo, na kuna mimi ninayejua. Nikaona jibu liko wazi. Hata leo, mwanangu, ukiniwekea swali lile kwenye karatasi, bila sura ya mtu, nitaandika jibu lilelile.

Kila mwaka kabla ya mashindano ya mkoa kulikuwa na kikao kifupi. Kocha Liang alikaa, mimi nilikaa, na kiongozi wa idara alikaa mbele yetu na kikombe chake cha chai chenye kifuniko. Alisoma majina ya wachezaji moja moja, na alipomaliza aliuliza kama wote ni wazima. Aliuliza vile sisi tunavyoulizana habari za nyumbani, akiwa tayari ameanza kukunja karatasi. Kocha Liang akajibu kwamba wote wanaendelea. Kisha akanitazama. Nilidhani ananionya nikae kimya, na hilo likanipa nguvu.

Nikasema kwamba si wote. Nikataja jina la Afen na goti lake, nikaeleza kilichokatika na kitakachotokea akianguka tena. Nilieleza vizuri, nilikuwa nimeyatafuta maneno yote ya kitabibu usiku uliotangulia. Nikaongeza kwamba si haki kumchezesha mtu katika hali ile, na kwamba mahali pengine duniani jambo kama hilo lisingefichwa.

Yule kiongozi akarudisha kifuniko juu ya kikombe. Akamuuliza Kocha Liang kama alijua. Kocha akatazama meza, akasema msaidizi ndiye anayefunga magoti.

Basi. Hapakuwa na kelele. Nilitoka nje nikiwa mwepesi, kama mtu aliyetoka kuoga. Nakumbuka nilikula vizuri siku ile.

Nafasi ya wanamichezo ilikuwa ya wanaocheza. Asiyecheza hakuwa na nafasi, na kulikuwa na msichana mwingine anasubiri kitanda. Wiki hiyohiyo Afen alikunja godoro lake, akabeba beseni lake la kunawia na chupa yake ya chai, akashuka ngazi za bweni akishikilia ukuta. Niliambiwa hivyo. Mwenyewe sikuwepo, kwa kuwa nilikuwa Liuhua, karibu na stesheni ya treni, namtafsiria mfanyabiashara mmoja wa kwetu aliyekuwa akinunua sweta za watoto. Siku ile Afen anashika ukuta, mimi nilikuwa nabishana na mwenye duka kuhusu rangi ya bluu.

Niliporudi nikamkuta Kocha Liang peke yake ukumbini, anakausha sakafu kwa ufagio wa matambara. Nikachukua ufagio wa pili. Tukaenda sambamba, kutoka goli hadi goli. Tulipogeuka ndipo aliposema, na sikuwahi kumsikia akisema mengi hivyo, kabla wala baada.

"Unadhani mimi sina macho?" alisema. "Nina magoti mawili, na yote ni mabovu. Namjua anayetua kwa mguu mmoja hata nikiwa nimempa mgongo. Tangu baridi ilipoanza najua. Nilikuwa nakungoja wewe."

Nikamuuliza alikuwa akiningoja nifanye nini.

"Unitajie kazi yake. Kwamba Afen anafaa kukaa mezani kuandika pointi na kuwafundisha wapya kutupa. Kwamba timu ina haja naye. Mwenye kazi haulizwi goti. Mimi ningesema ndiyo, kiongozi angeandika ndiyo, naye angemaliza masomo yake amekaa kwenye kiti. Wewe umeleta goti peke yake mezani. Mwenye goti umemwacha nje."

Nikamwambia kwamba angeweza kuniambia hayo mapema. Nilisema kwa ukali, kwa sababu nilianza kuogopa.

"Jambo nikilijua kwa macho, naweza kusubiri," akasema. "Nikiambiwa, lazima nitende. Akiambiwa yule kiongozi, lazima atende zaidi yangu. Ndiyo maana pana msaidizi."

Akaendelea kukausha sakafu. Tangu siku ile alinipa kazi zangu kwa maneno machache na kwa adabu, na hiyo ndiyo adhabu ninayoikumbuka.

Nilimbishia kichwani miezi mingi. Nilijiambia kwamba utaratibu unaohitaji mtu afichwe nyuma ya saa na mipira ya kujaza upepo ni utaratibu uliooza, na mwenye kosa ni utaratibu. Bado naamini hivyo. Lakini utaratibu haukuwa na goti. Goti lilikuwa la Afen, na adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Joto lilipofika kileleni, yule mfanyabiashara wa sweta akarudi tena kutoka Moshi. Tulimwita Mama Elineema. Alikuwa mama mpana, Mlutheri wa kuimba asubuhi hotelini mpaka wageni wa vyumba jirani wanagonga ukuta, na Kichina chake kilikuwa maneno matatu: laoban, yaani mwenye mali, mei you, yaani hakuna, na neno la kupunguza bei, alilolitamka kana kwamba anafukuza kuku. Alikuwa ameagiza magauni ya watoto katika karakana moja ya Kangle, karibu na soko la vitambaa, na kila akiuliza yako wapi anaambiwa mei you. Wakala wake bandarini Huangpu alikuwa anamsumbua apeleke mzigo kontena lifungwe. Akaniomba nimsindikize.

Kangle ni vichochoro ambavyo nyumba zake zimekaribiana hadi jua linaingia kwa zamu. Pikipiki zenye majora ya vitambaa zinakupiga honi mgongoni, na kila mlango una cherehani zinazolia. Tukapanda ngazi za karakana ile. Mwenye mali, mwanamke mwembamba mwenye sindano kwenye kola, akaanza kutueleza kwamba vifungo vimechelewa kushonwa. Mama Elineema hakumsikiliza. Alikuwa anatazama mwisho wa chumba, penye mvuke wa pasi.

"Yule mrefu mbona anasimama kama korongo?" akaniuliza.

Nikatazama. Alikuwa Afen. Kichwa chake kilikaribia bomba la mvuke, na alipiga pasi akiwa ameegemeza uzito wote kwenye mguu wa kushoto. Wa kulia aliuweka kama kitu cha kuazima.

Nilimwendea. Aliniona, akaisimamisha pasi taratibu, akaniita jiaolian, kocha, kwa heshima ileile. Nikamuuliza kwa nini hakurudi kwao. Akasema nyumbani wanajua bado anasoma. Nikafanya nilichokijua: nikapiga magoti juu ya vipande vya nyuzi, nikachukua kitambaa kirefu kutoka kwenye makapi, nikaanza kumfunga. Goti lilikuwa limevimba likapoteza umbo. Aliniacha nifunge. Nilipofika mzunguko wa mwisho akasema kwa sauti ya chini, ili wenzake wasisikie:

"Kocha, umekuja kunitazama au umekuja kunichukua?"

Mwanangu, nimeulizwa maswali mengi na watu wenye vyeo, na mengi nimeyajibu. Lile sikulijibu. Nilikuwa sina kitanda cha kumpa, wala barua, wala nafasi, wala hata nia niliyokuja nayo. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya magauni. Nikafunga fundo. Akashukuru, akainua pasi.

Mama Elineema alitaka kujua. Nikamweleza pale pale, kwa Kiswahili, katikati ya mngurumo wa cherehani, na nikajikuta namalizia na ile methali yangu kwamba msema kweli mpenzi wa Mungu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Umempenda Mungu. Na huyu ulimwachia nani ampende?"

Akamgeukia mwenye karakana. Akanituma nimwambie kwamba vifungo vyake vishonwe kwa mkono, vyote, na vishonwe na yule mrefu, akiwa amekaa. Mwenye mali akasema mpiga pasi ni mpiga pasi. Mama Elineema akasema basi yeye haondoki, akaketi kwenye bunda la vitambaa na kuanza kuimba tenzi, ubeti baada ya ubeti, hadi wanawake wa cherehani wakaacha kushona wakicheka. Mwisho mwenye mali akasukuma kigoda kwa mguu kuelekea kwa Afen.

Afen akakaa. Sikuwahi kumwona mtu akikaa vile. Alikishika kigoda kwa mikono miwili kwanza, kama anayehofia kitaondolewa.

Usidhani hapo ndipo mambo yalipotengemaa. Kigoda kile kilidumu kadiri ya magauni yale, na magauni hayakuwa mengi. Nilihangaika, hilo nitalisema: nilikwenda idarani, nikakaa kwenye benchi mbele ya mlango wa kiongozi, nikamwomba Kocha Liang naye akaomba kwa upande wake. Tulijibiwa kwa upole kwamba nafasi ilikwisha kujazwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na yangu ilichelewa pia. Nilipokwenda Kangle tena pasi ilishikwa na msichana mwingine, mfupi. Wakaniambia yule mrefu ameondoka. Amekwenda wapi? Mei you, wakasema. Hakuna ajuaye. Magauni yalipanda meli Huangpu, yakavaliwa Moshi na watoto ambao sasa ni watu wazima, na sijui kama hata mmoja wao aliwahi kuangalia kifungo.

Kocha Liang aliiacha timu msimu uliofuata, magoti yake yakiwa yamekataa ngazi. Mimi nilirudi nyumbani, nikawa kocha msaidizi katika vyuo viwili, na nimebaki kuwa msaidizi kwa maisha yangu yote ya kazi. Waliponipa ukuu nilikataa. Watu walidhani ni unyenyekevu. Nilitaka tu kubaki mahali pale ambapo mikono inagusa goti kabla ya jambo kuwa neno. Nimewahi kuwaambia makocha wakuu habari mbaya mara nyingi, na nyingine ziliwakasirisha. Lakini kabla ya kufungua mdomo nimekwisha kwenda kwa mhasibu wa chuo, kwa mlezi wa bweni, kwa mama mzazi, nikarudi na kigoda mkononi. Mara nyingine nilikikosa. Siku hizo nilisema ukweli hivyohivyo, kwa sababu mguu wa mtu haungoji, kisha nilikwenda bwenini nikabeba godoro upande wangu na yeye upande wake, hadi stendi, hadi kwao, nikamwambia mama yake mwenyewe.

Basi nasaha yangu ni hii, na uihoji, maana ningekudharau usipoihoji. Sema kweli. Sikufundishi kuficha, walionifundisha kuficha nao walikuwa na makosa yao. Ila kabla hujasema ukweli utakaomgharimu mwenzako, jiulize utakuwa wapi siku atakaposhuka ngazi. Kama hujui, bado hujamaliza kufikiri, hata kama maneno yako yote ni sahihi. Usilete goti mezani bila mwenye goti. Na ukikuta mzee ananyamazia jambo linaloonekana wazi, usikimbilie kumwita mwoga. Yawezekana anakungoja wewe. Muulize anangoja nini. Mimi, muulizaji mkubwa, hilo peke yake sikuliuliza kwa wakati.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi usioogopa, na mikono iliyo mirefu kuliko ulimi. Na siku mtu atakapokuuliza swali lile la Afen, akujalie uwe umekuja kumchukua.